Injini Yenye Homa

Asubuhi ya siku ya tatu ya kazi Muzafaru aliweka kiganja juu ya injini, akakitoa, akakirudisha tena polepole, vile mama anavyompima mtoto joto usoni.

"Yahya," aliita. "Kuja ushike hapa. Hii injini iko na homa."

Yahya alicheka, akaja huku akipangusa mikono kwa tambara. Injini yenyewe ilikuwa nje ya gari, imekalishwa juu ya magogo mawili ndani ya kibanda cha mabati, haina petroli, haina maji, haina hata plagi. Jua lilikuwa bado chini na umande haujakauka kwenye majani. Alipoishika, kicheko kikamwishia. Chuma kilikuwa na joto, na lile halikuwa joto la jua wala la moto. Lilikuwa joto la mwili.

"Ni ile kostiki tuliyooshea jana," alisema. "Bado inafanya kazi ndani ya chuma."

"Kostiki ifanye kazi mpaka leo?" Muzafaru alimtazama mdogo wake kwa mshangao. "Ni nani alikufundisha hiyo?"

Aliyemfundisha alikuwa Muzafaru mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha kushika spana, kutawadha, kufunga kamba za viatu, na kumtazama mtu machoni anapozungumza naye. Mama yao, mwenyeji wa Mumias, alifariki Yahya akiwa na miaka saba, na kaka mtu akaacha shule ili mdogo asome. Baadaye akawa fundi wa reli huko Tororo, miaka ishirini na miwili, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka uliopita, 1977, reli ikagawanywa, na Wakenya wakaambiwa warudi kwao. Alifika Busia na sanduku la mbao na kofia ya kazi. Kwa miezi miwili alikaa kwenye kibaraza cha Yahya, mtaa wa Burumba, akiigeuza mikono yake na kuitazama, kana kwamba ni wageni waliokosa pa kwenda.

Maimuna, mke wa Yahya, ndiye aliyeona hatari. "Baba Hasina," alimwambia mumewe, "mpatie shemeji kitu ya kufanya. Hizo mikono zitamuua."

Ndipo Yahya, kwa mapenzi kabisa ya ndugu, akakosea. Alimchukua kaka yake hadi nyuma ya gereji yake, akafunua turubai. Chini yake lilikuwa limelala gari aina ya Austin Cambridge la mwaka 1957, rangi ya maziwa, vumbi tele lakini zima. Muzafaru alishika kinywa.

"Ya nani hii?"

"Yangu, kaka. Nilinunua kitambo."

Sasa ukweli ni huu, na heri usemwe mapema, msomaji asije akamhurumia Yahya kuliko anavyostahili. Gari halikuwa lake. Mwaka 1973, mambo ya ng'ambo, Uganda, yalipochafuka, Mteso mmoja aitwaye Echodu, karani wa Tororo, alivuka mpaka akiendesha gari hilo, akamkabidhi Yahya ufunguo. "Fundi, nichungie," alisema. "Narudi kwa miguu, askari wasininyang'anye gari, kuchukua mke na mtoto. Kesho kutwa niko hapa." Hakuonekana tena. Mkewe, Asio, alikuwa ameshavuka kwa njia nyingine kule Malaba, mtoto mgongoni, akawa anamngoja huko. Alingoja miaka miwili. Mwishowe mtu akamwambia kwamba gari la mumewe limeonekana kwa fundi mmoja Busia, naye akaja, viatu mkononi, akauliza kwa adabu zote.

Wakati huo Yahya alikuwa ameshalizoea lile gari. Hakuwa ameliuza wala kuliendesha. Alilipenda tu, kwa namna mtu anavyokipenda kitu alichokichunga muda mrefu hadi akasahau ni cha nani. Kinywa chake kikatangulia akili. "Bwana yako alikuja mwenyewe, mama," alisema. "Mwaka jana. Alichukua gari yake, akashika njia ya Nairobi."

Asio alihamishia viatu mkono wa pili. "Alikuwa peke yake?"

"Mimi sikuangalia sana."

Mama yule akashukuru. Hilo ndilo Yahya hakuweza kulisahau, kwamba alishukuru, akavaa viatu vyake kando ya barabara, akaenda zake. Tangu siku hiyo turubai halikufunuliwa mpaka siku ya Muzafaru.

Kazi ikaanza, na Muzafaru akafufuka. Waliivuta injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, wakaikalisha juu ya magogo, wakaanza kuubandua ule uchafu wa miaka mingi kwa bisibisi na vipande vya mbao, kisha kwa brashi na mafuta ya taa. Muzafaru alikuwa mkali kama ilivyokuwa zamani. Matundu yote yalizibwa kwa matambara ili maji yasiingie. Rangi itakuwa kijani, ile ile ya kiwandani, na hakutaka kusikia habari ya rangi ya fedha. "Injini si bibi harusi," alisema. "Haipakwi kila kitu." Yahya alicheka mpaka akakaa chini. Walikuwa hawajacheka pamoja hivyo kwa miaka, na msikitini Muzafaru alimwambia kila mtu kwamba mdogo wake amenunua gari kwa jasho lake. Watu walipompa Yahya mkono wa pongezi, alikuwa akitazama viatu vyao.

Siku ya pili walichemsha maji kwenye pipa, wakatia kostiki, wakaanza kuimwagia injini kopo baada ya kopo. Kila kopo, Muzafaru alitanguliza maneno yale yale: "Bismillah, mtupishe." Ndivyo mama yao alivyowafundisha. Maji ya moto hayamwagwi chini bila kutaja jina la Mungu, hasa jua likiwa utosini, kwa sababu ardhini wako wenzetu wasioonekana, nao wana watoto wanaotambaa. Ukitaja jina, mama mtu humnyakua mtoto wake akasogea. Kule Tororo vijana wa reli walimcheka Muzafaru miaka yote ishirini na miwili, na yeye aliendelea tu kuomba njia.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, alishuka kwenda msikitini. "Limebaki debe moja," alimwambia Yahya. "Mwaga kabla haijapoa, kisha unifuate."

Yahya aliinua lile debe, akafungua kinywa. Jina la Mungu lilikuwa pale pale kwenye ulimi, lakini halikutoka. Huyu alikuwa fundi asiyefungua hata nati moja bila bismillah, mchana wala jioni, gari la Mwislamu au la padri. Lakini juu ya injini hii aliona haya. Atalitajaje jina la Mungu juu ya mali ya dhuluma? Mwizi gani husoma dua kabla ya kuruka ukuta? Akaona afadhali anyamaze, akadhani hiyo ndiyo adabu. Akamwaga debe zima kimya kimya.

Maji meusi yalitiririka chini ya magogo, yakaingia kwenye ufa wa ardhi. Kikatoka kilio kidogo, kifupi, kama cha paka aliyekanyagwa. Yahya alichungulia kila upande. Hapakuwa na paka.

Basi hiyo ndiyo kostiki aliyoisingizia siku ya tatu, injini ilipopata homa.

Muzafaru hakuwa mtu wa kuogopa chuma. Alisema joto kidogo halina neno, hata rangi hushika vizuri zaidi, wakapaka. Ilipofika saa tano injini yote ilikuwa kijani, inang'aa, na Maimuna alitoka jikoni kuja kuisifu. Saa saba kasoro, walipokuwa wakinywa chai, harufu ikawafikia. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua.

Wakarudi kibandani. Rangi ilikuwa imetoka malengelenge. Hayakuwa mapovu ya rangi mbaya, ambayo kila fundi anayajua. Yalikuwa malengelenge ya ngozi, mengine madogo, mengine ya ukubwa wa kidole gumba, laini, yamejaa maji, na yalikuwa upande mmoja tu, ule ambao Yahya alimwagia debe la mwisho. Muzafaru alilitoboa moja kwa ncha ya bisibisi. Maji yakatoka, na injini ikatetemeka juu ya magogo yake.

"Uliona?" Muzafaru alinong'ona.

"Sijaona kitu, kaka. Ni rangi mbaya. Ya ng'ambo hiyo."

Alisema hivyo huku akijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshaanza kuuona mwisho wake, lakini bado alitembea. Walikwangua rangi yote, wakasugua msasa, na kesho yake asubuhi wakapaka upya. Injini ilikuwa imezidi joto, na kila brashi ilipopita upande ule mbaya, chuma kilijikunja kidogo chini ya brashi, vile mgonjwa anavyojikunja akiguswa kidonda.

Saa ya adhuhuri ikafika.

Kilianza kidogo, kikwaruzo tu kwenye tundu la kwanza la plagi, Yahya akadhani ni panya, kisha kikapanda kikawa kilio cha mtoto mchanga aliyelia mpaka sauti ikamkauka, kikitoka tundu la kwanza, kikahamia la pili, la tatu, la nne, kana kwamba mtoto anatambaa mle ndani ya silinda akitafuta mahali pasipouma, na nyuma ya kilio hicho, chini sana, palikuwa na sauti ya mwanamke akibembeleza kwa maneno ambayo Yahya hakuyajua lakini aliyaelewa, kwa maana mama wote hubembeleza namna moja, na huku jua limesimama wima na Burumba yote inaendelea na shughuli zake, redio ya kinyozi inalia ng'ambo ya barabara na mtu anabishana bei ya nyanya, ndugu hao wawili walisimama ndani ya mabati yanayochoma wakitetemeka kwa baridi.

"Kuna mtoto ndani," Muzafaru alisema kwa sauti ya chini.

"Kaka, usiguse."

"Kuna mtoto, Yahya. Anaumia."

Muzafaru hakuwahi kumpita mtoto anayelia. Yahya alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, kwani yeye ndiye aliyekuwa mtoto huyo. Kabla hajamshika mkono, kaka yake aliinama akaikumbatia injini kwa viganja vyote viwili.

Kilio kikakatika. Muzafaru alijivuta nyuma, akaanguka chali. Alipoinua mikono, vidole vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa, na kwenye viganja yalikuwa yakiota malengelenge, moja baada ya jingine, Yahya akiyatazama. Kisha akafumbua kinywa. Muzafaru alizungumza Kiswahili cha reli maisha yake yote, kimechanganyika na Kiganda na Kiteso. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa laini, cha pwani, kisicho na kasoro.

"Mwanangu ameungua," ilisema. "Nani aliyemwaga maji pasi na kubisha hodi?"

Alasiri hiyo aliitwa Mama Zulaika. Alikuwa mwuza mandazi wa pale pale Burumba, mfupi, mwepesi wa kukasirika, na aliwajua majini kwa majina na koo zao. Kasoro yake ilikuwa moja: sikio la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia linaelekea huko huko, kwa hiyo hakuna ugonjwa uliotibiwa kwake kwa siri. Wanaume wengi wa mjini waliona bora wafe na majini yao.

Alichoma ubani, akamfunika Muzafaru shuka jeupe, akauliza kwa sauti ya sokoni: "Wewe mama, umekuja kwa nini katika nyumba ya watu?"

Jini akajibu kutoka chini ya shuka. "Huyu mwenye mikono alinibishia hodi kila kopo, nami nikampakata mwanangu nikasogea. Wa mwisho alikuja kimya. Mwanangu alikuwa akicheza kwenye ufa."

"Basi si umshike huyo wa mwisho? Huyu kosa lake ni nini?"

"Yule amemchoma nimpendaye. Nami nimemshika ampendaye yeye."

Maimuna alishika ukingo wa mlango. Mama Zulaika akamgeukia Yahya, akamtegea lile sikio lililobaki. "Ni wewe ulimwaga? Ulisahau bismillah?"

Yahya alimtazama mkewe, akatazama shuka linavyopanda na kushuka juu ya kifua cha kaka yake. Neno la kweli lilikuwa fupi tu. "Nilisahau," alisema.

"Sema kwa nguvu!"

"Nilisahau!"

"Kusahau ni kwa binadamu," Mama Zulaika akasema, akapumua. Akaagiza maziwa, asali na marashi ya waridi, vikachanganywa, vikamwagwa taratibu kwenye ule ufa kwa bismillah na kwa kuomba radhi. Jua lilipokuwa linatua injini ilipoa. Kidole gumba cha Muzafaru kikanyooka. Maimuna akapiga kigelegele, na Yahya naye akatabasamu pamoja na wengine, na hakuna aliyejua kwamba tabasamu lile lilimuuma mashavu.

Kesho yake, adhuhuri, homa ikarudi kwa hasira.

Rangi ya kijani ilichemka juu ya injini, ikaanza kudondoka chini matone matone, na ndani ya kibanda harufu ya nywele zilizoungua ikawa nzito hata mtu hawezi kuvuta pumzi, na Muzafaru, aliyekuwa amelala kwenye mkeka barazani, akaketi wima bila kusaidiwa na mtu, mikono mbele, na malengelenge yakapanda kutoka viganjani hadi vifundoni, kutoka vifundoni hadi viwikoni, ngozi ikivimba na kupasuka na kuvimba tena, huku ile sauti laini ikicheka ndani ya kinywa chake, kicheko cha mama ambaye hana tena cha kumfurahisha.

"Maziwa ni ya aliyesahau," sauti ilisema. "Huyu hakusahau. Alifungua kinywa, akanyamaza makusudi. Muulizeni sababu. Kesho jua likifika utosini bila sababu hiyo kusemwa, nitaichukua mikono hii isirudi tena."

Mama Zulaika alimrukia Yahya kama mbogo. "Mimi nimempatia mtu dawa ya kusahau, na yeye hajasahau! Unataka kuua kaka yako? Sema!"

"Mama, tuingie ndani, nitakuambia."

"Hapa hapa. Mficha uchi hazai."

Yahya akasogea, akanong'ona kwenye sikio lake. Mama Zulaika akatikisa kichwa. "Sisikii."

Akanong'ona tena.

"Nimesema sisikii, baba! Mungu amechukua masikio yangu, nifanye nini?"

Nje ya ua watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, mafundi wenzake, kinyozi, watu wa msikitini waliompa mkono wa pongezi. Yahya aliwaona kupitia mianya ya mabati. Akaitazama mikono ya kaka yake, iliyomvisha viatu na kumshikisha kalamu, ikivuja maji barazani kwake. Akapaza sauti.

"Gari si yangu! Niliachiwa amana! Nitatajaje Mungu juu ya kitu ya kuiba?"

Ng'ambo ya barabara redio ya kinyozi ikazimwa. Jini alikuwa amemwachia Muzafaru kidogo, na macho yaliyomtazama Yahya yalikuwa ya kaka yake mwenyewe.

"Mwenyewe ni nani?" Muzafaru aliuliza.

"Mtu wa Tororo. Echodu."

"Alikosa mtu wa kufuata hii gari? Hana bibi?"

"Bibi alikuja."

"Ukamwambia nini?"

Yahya akasema alichomwambia. Alikisema chote, na njia ya Nairobi, na lile la kutoangalia sana. Kila neno lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Maimuna aliondoka mlangoni, akaingia ndani, akamwacha peke yake uani.

Muzafaru hakumtukana. Aliitazama mikono yake. "Mimi nilikuwa nakusifu," alisema. "Nilifikiri nimekulea."

Kisha jini akarudi kinywani mwake kwa mara ya mwisho, na safari hii hakucheka. "Kabla ya mwanangu alimchoma mwingine," alisema. "Aanze na huyo."

Alfajiri ndugu hao wawili walidandia lori la vitunguu lililokuwa likielekea Malaba. Muzafaru alikuwa na mikono iliyofungwa kwa leso ya Maimuna. Yahya alikuwa na ufunguo wa gari mfukoni. Njia nzima Yahya alitamani lori liharibike, akaona aibu kwa kutamani hivyo, akatamani tena.

Haikuwa kazi kumpata Asio. Wauza samaki karibu na reli waliwaelekeza mara moja. "Yule mwanamke alitorokwa na mzee wake? Nyumba ya mwisho pale." Hilo ndilo lililokuwa jina lake Malaba.

Walimkuta uani amepiga magoti mbele ya jiwe, anasaga simsim. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akamtambua hapo hapo.

"Fundi wa Busia," alisema, na uso wake ukachangamka ghafla. "Umemwona?"

Yahya alikuwa amejipangia maneno mazuri usiku kucha. Yote yakamkimbia. Aliweka ufunguo juu ya kigoda, akapiga magoti na yeye.

"Mama, Echodu hakuja."

"Hakuja lini?"

"Hakuja siku yoyote. Tangu aniachie gari sijamwona tena. Nilikudanganya. Gari iko kwangu mpaka leo."

Asio aliendelea kusaga. Jiwe likaenda, likarudi, likaenda, likarudi. Kisha likasimama.

"Siku ile alikuachia gari, alisema anaenda wapi?"

"Alisema anarudi Tororo kwa miguu, kuwachukua. Alisema kesho kutwa."

"Basi hakufika mahali." Hakuwa anauliza. Alipangusa mikono kwenye nguo yake, polepole, kidole kwa kidole. "Miaka tatu, fundi. Kila asubuhi nikiwasha moto namtukana. Mama yake alinifukuza, akisema ni mimi nilifanya mtoto wake akimbie, na mimi nikamwambia mtoto wako ni mbwa. Nilimtukana mbele ya mama aliyemzaa. Na yeye amelala mahali kwenye majani, na alikuwa anakuja kwangu."

Nyuma ya Yahya, Muzafaru aliguna. Leso ilikuwa inacheza. Aliifungua kwa meno, na ndani yake vidole vilikuwa vikinyooka, kimoja kimoja, ngozi imekauka, malengelenge yamelala. Alivikunja, akavikunjua. Halafu akairudishia leso juu ya mikono, kwani aliona haya kupona mbele ya mama yule.

Yahya alipoiona mikono ile, moyo wake ulishuka mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alitaka kuondoka. Na tuseme kweli, alikuwa ameshainua goti moja.

"Unaenda wapi?" Asio aliuliza. "Ngoja. Atyang, mtoto wetu, anatoka shule saa sita. Nilimwambia baba yake alitutoroka. Watoto wanamwimbia hiyo maneno kila siku. Hiyo utaitoa wewe, si mimi."

Yahya aligeuka kumtazama kaka yake, kama alivyofanya tangu akiwa na miaka saba kila dunia ilipomzidi nguvu. Muzafaru alikuwa akitazama reli.

"Mimi nimepona," alisema. "Hii si ya jini tena."

Wakangoja. Jua lilipanda mpaka utosini na hakuna kilicholia. Mwishowe akaingia uani msichana wa miaka sita hivi, miguu mitupu, sare ya shule imemzidi mabegani, daftari moja kifuani. Mama yake akamwita.

"Atyang, salimia mzee. Ako na habari ya baba yako."

Mtoto alisalimia kwa kupiga goti, kisha akasimama mbali, tayari kuonewa. Yahya akaanza. Hakuwa na maneno ya watoto, akatumia yaliyokuwapo. Alimwambia kwamba baba yake alileta gari Busia ili liwabebe yeye na mama yake, kwamba aliliacha akarudi kuwafuata kwa miguu, na kwamba yeye, mzee huyu, ndiye aliyesema uongo.

Atyang alisikiliza akiwa ameweka kidole mdomoni. Alikitoa.

"Kwa hivyo alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja."

"Kunichukua mimi?"

"Wewe na mama."

"Na hakutukimbia?"

"Hakuwakimbia, mtoto wangu. Alikufa njiani."

Mtoto alimtazama usoni kuhakikisha. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu pana, la meno mawili yaliyong'oka, na Yahya akainamisha kichwa asilione. Atyang akaangusha daftari, akatoka mbio hadi kwenye bomba la maji ambako watoto wenzake walikuwa wakicheza.

"Baba yangu alikufa!" alipiga kelele. "Hakututoroka! Alikufa! Muulize mama, alikufa!"

Uani Asio aliweka mikono kichwani, akaanza kuomboleza, kilio kilichochelewa miaka mitano. Wanawake wakaanza kutoka nyumbani mwao kuja kuuliza kuna nini. Yahya alibaki amepiga magoti, akisikia furaha ya mtoto ikienda nyumba hadi nyumba.